John Keegan: Aliyeandika vita bila kupigana hata kimoja

SIR John Keegan hakuwahi kuvaa sare ya jeshi. Alichechemea tangu ujana wake kutokana na ugonjwa, na vijana wenzake walipoitwa kulitumikia jeshi la Uingereza kwa mujibu wa sheria, yeye alionekana hafai. Hata hivyo, alipofariki Agosti 2, 2012 katika kijiji cha Kilmington, kusini-magharibi mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 78, alikuwa mmoja wa wanahistoria wa kijeshi waliosomwa zaidi duniani. Majenerali walivisoma vitabu vyake, na watu wasiojua tofauti ya kikosi na kombania walivisoma pia.

Jina lake lilijengwa na kitabu kimoja, The Face of Battle, yaani Uso wa Vita, kilichotoka mwaka wa 1976. Katika kurasa zake za kwanza kabisa, Keegan alikiri waziwazi kwamba hajawahi kushiriki mapigano ya aina yoyote. Maungamo hayo hayakuwa ya kawaida miongoni mwa watu wa fani yake, ambao wengi wao walikuwa maafisa wastaafu wenye nishani. Lakini kutokana nayo lilizuka swali ambalo waliopigana hawakuwa wakiliuliza kwa sauti: je, askari wa kawaida anayesimama mstarini huona nini, husikia nini, na ni kitu gani kinachomzuia asigeuke na kukimbia?

Utoto wa hospitalini

John Desmond Patrick Keegan alizaliwa Mei 15, 1934 katika mtaa wa Clapham, jijini London, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake, mkaguzi wa shule, alikuwa amepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vya pili vilipozuka mwaka wa 1939 na watoto wa London kuhamishiwa mashambani, kazi ya kuwasimamia baadhi yao ilimpeleka mzee huyo na familia yake katika jimbo la Somerset.

Huko ndiko mtoto Keegan alikoviona vita kwa mara ya kwanza, na aliviona kwa upande wake wa kuvutia. Katika miezi ya kabla ya uvamizi wa Normandy, vijiji vya Somerset vilijaa wanajeshi wa Marekani, magari yao mapya na peremende walizowagawia watoto. Kisha usiku mmoja wa Juni 1944 anga likajaa ngurumo za ndege zilizoelekea Ufaransa. Kulipokucha Wamarekani walikuwa wameondoka. Miaka mingi baadaye alilianza simulizi lake la uvamizi huo, Six Armies in Normandy la mwaka wa 1982, kwa kumbukumbu hizo za mvulana wa miaka 10.

Vita vilipokwisha, masaibu yakamfika yeye mwenyewe. Akiwa na umri wa miaka 13 alipatwa na kifua kikuu cha mifupa. Matibabu yalichukua miaka, mingi yake akiwa kitandani, na yalimwacha na ulemavu wa kudumu. Sehemu ya muda huo alilazwa pamoja na watu wazima, wakiwemo askari wa zamani, na akawa na wasaa mwingi wa kusoma na kusikiliza. Ugonjwa ulimrudia hata alipojiunga na Chuo cha Balliol katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1953, na masomo yake yakakatizwa.

Alipohitimu mwaka wa 1957 alisafiri Marekani kuzuru viwanja vya mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Aliporejea alifanya kazi kwa muda katika ubalozi wa Marekani jijini London. Safari hiyo ilimwachia mapenzi kwa Marekani ambayo hayakufifia, na ambayo baadaye, kama itakavyoonekana, yalimponza.

Miaka 26 Sandhurst

Mwaka wa 1960 aliajiriwa kufundisha historia ya kijeshi katika Chuo cha Kijeshi cha Sandhurst, kinachowaandaa maafisa wa jeshi la Uingereza na pia kupokea makadeti kutoka mataifa mengine, ya Afrika yakiwemo. Alikaa hapo miaka 26. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Antony Beevor, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri kuhusu mapigano ya Stalingrad. Miongoni mwa wenzake alikuwepo Richard Holmes, ambaye yeye pia alikuja kuwa jina kubwa katika fani hiyo.

Kwa mwalimu wa aina yake, hali ya darasani haikuwa rahisi. Mbele yake waliketi vijana wa miaka kama 20 ambao huenda kabla ya mwaka kwisha wangetakiwa kuwaongoza watu vitani. Kuanzia 1969 wengi walitumwa Ireland Kaskazini, na mwaka wa 1982 wengine walipelekwa visiwa vya Falkland. Vijana hao walitaka kujua vita vikoje. Vitabu vilivyokuwa kwenye rafu havikuwajibu.

Historia ya kijeshi ya enzi hizo ilikuwa historia ya makamanda na ramani. Kikosi hiki kilisonga mbele, kile kikarudi nyuma, ubavu wa kushoto ukavunjwa, adui akatimuliwa. Keegan alionyesha kwamba namna hiyo ya kusimulia ilikuwa kongwe sana. Alilinganisha masimulizi ya Julius Caesar na yale ya William Napier, afisa Mwingereza wa karne ya 19 aliyeandika kuhusu mapigano ya Albuera ya mwaka wa 1811, akaonyesha kasoro zinazofanana: watu maelfu wanatembea kama mwili mmoja, wote wana moyo mmoja, na wanaoanguka hawatajwi tena. Hakuna anayetetemeka, hakuna aliyelewa, hakuna anayeburutwa na wenzake.

Waswahili husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Waandishi wa zamani waliandika habari za fahali. Keegan aliinama akaziangalia nyasi.

Mapigano matatu

Katika The Face of Battle alichagua mapigano matatu, yote yakihusisha Waingereza, na yote yakitokea katika eneo dogo la kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji: Agincourt la Oktoba 25, 1415, Waterloo la Juni 18, 1815 na siku ya kwanza ya Somme, Julai 1, 1916. Mbinu yake ilikuwa kuuliza maswali ya mtu anayechunguza ajali. Ardhi ilikuwaje? Watu walikuwa wamekula nini? Walilala wapi? Nani alikuwa ameshika silaha gani, na silaha hiyo humfanya nini binadamu?

Agincourt, kwa mfano, ilijulikana kama ushindi wa mishale ya Waingereza dhidi ya makabaila wa Ufaransa. Keegan hakuridhika na maelezo hayo. Alielekeza macho kwenye shamba lililokuwa limelimwa karibuni na kunyeshewa usiku kucha, likiwa limebanwa na misitu pande mbili. Wafaransa waliovaa chuma kutoka utosini hadi wayo walitembea kwa miguu ndani ya tope hilo, na kadiri walivyosonga ndivyo nafasi ilivyozidi kuwa finyu. Waliokuwa nyuma, ambao hawakuona yaliyokuwa yakitendeka mbele, waliendelea kusukuma. Wa mbele wakakosa hata nafasi ya kuinua mkono. Aliyeanguka hakuinuka, na aliyemfuata akajikwaa juu yake. Wapiga mishale wa Kiingereza, watu wa tabaka la chini wasio na chuma mwilini, waliweka pinde zao chini, wakachukua mashoka, nyundo na visu, wakawaendea walioanguka. Msomaji akifunga ukurasa huo haoni tena fahari iliyopakwa na washairi na waigizaji.

Kuhusu Waterloo alichambua jambo ambalo kila mchoro wa vita hivyo ulikuwa umeliharibu. Michoro huonyesha farasi wa Ufaransa wakiwavamia askari wa Uingereza waliojipanga kwa umbo la mraba. Keegan alieleza kwamba farasi ni mnyama mwenye akili ya kujihifadhi. Hawezi kujitumbukiza katika ukuta wa watu waliosimama imara na singe zao zimechomoza. Basi pambano lile halikuwa la farasi na singe, bali la mioyo: je, watu wangevunja mstari kabla farasi hawajageuka? Hawakuvunja. Farasi waliyazunguka makundi yale kama maji yanavyozunguka mawe. Mizinga ndiyo iliyoua. Kikosi cha 27, kilichoundwa kwa sehemu kubwa na Wairishi, kilipoteza zaidi ya nusu ya askari wake bila kuondoka mahali pake.

Sura ya Somme ndiyo nzito kuliko zote. Kwa siku saba mizinga ya Uingereza ilifyatua takriban makombora milioni 1.5, na makamanda wakaamini kwamba seng'enge zimekatwa na Wajerumani wamezikwa katika mahandaki yao. Makombora mengi yalikuwa mabovu, na Wajerumani walikuwa wamechimba makao marefu chini ya ardhi. Keegan aliilinganisha hali iliyofuata na mashindano ya mbio. Saa moja na nusu asubuhi mizinga ilipohamishia moto mbele, Waingereza walianza kutembea wakiwa wamebeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, na wakati huohuo Wajerumani wakaanza kupanda ngazi na bunduki zao za rashasha. Aliyefika kwanza ukingoni ndiye aliyeishi. Karibu kila mahali Wajerumani walitangulia. Kabla ya jua kutua Waingereza 57,470 walikuwa wamepotea kwa vifo, majeraha, kutekwa au kutojulikana waliko. Waliokufa walikuwa 19,240. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mji mmoja au kiwanda kimoja, waliojiandikisha pamoja na kufa pamoja.

Hakuishia hapo. Aliwafuata majeruhi: nani aliokotwa, nani aliachwa uwanjani, na madaktari waliamua vipi nani wa kuhudumiwa na nani wa kuachwa afe. Hiyo ni mada ambayo vitabu vya awali viliipitia kwa sentensi moja, kama viliigusa.

Mabishano na Clausewitz

Mwaka uleule wa 1976, Mwingereza mwingine, Michael Howard, akishirikiana na Peter Paret, alitoa tafsiri mpya ya Kiingereza ya maandishi ya Carl von Clausewitz, jenerali wa Prussia aliyefundisha kwamba vita ni siasa zinazoendelezwa kwa njia nyingine. Tafsiri hiyo ikawa msahafu wa vyuo vya kijeshi. Howard alikuwa mpiganaji halisi, mwenye nishani aliyoipata nchini Italia. Yeye na Keegan waliheshimiana, lakini juu ya Clausewitz hawakukubaliana kamwe.

Katika A History of Warfare, kitabu cha mwaka wa 1993 kilichomshindia Tuzo ya Duff Cooper, Keegan alidai kwamba Clausewitz alikosea. Kwake yeye, vita ni zao la utamaduni kabla ya kuwa chombo cha siasa. Aliwatolea mfano Wazulu wa enzi ya Shaka, Wamamluki wa Misri waliodharau bunduki hata ikawagharimu dola yao, masamurai wa Japani, na wakazi wa Kisiwa cha Easter waliomalizana kwa vita visivyo na faida. Aliliona hata jeshi la nchi yake kuwa mkusanyiko wa makabila, kila kikosi na mila yake, matambiko yake na mizimu yake.

Wakosoaji hawakumwacha. Mwanahistoria Mmarekani Christopher Bassford alisema kwamba Keegan alipigana na Clausewitz wa kubuni, kwa kuwa Clausewitz halisi hakuwahi kusema vita ni hesabu baridi ya mawaziri peke yake. Hoja ya wakosoaji ina uzito. Shaka alikuwa mwanasiasa kama alivyokuwa jemadari, na utamaduni wa Wazulu haukuzuia siasa kuwepo. Kitabu hicho kina upana wa ajabu na kinasomeka kwa raha. Kama nadharia kinavuja.

Kalamu ya gazeti

Mwaka wa 1986 Keegan aliaga Sandhurst. Max Hastings, mhariri mpya wa The Daily Telegraph la London, alimwajiri awe mwandishi wa masuala ya ulinzi, na baadaye akawa mhariri wa ulinzi wa gazeti hilo. Kabla ya hapo, mwaka wa 1984, alikuwa amezuru Lebanon iliyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vitabu viliendelea kutoka: The Mask of Command mwaka wa 1987, kuhusu uongozi wa Alexander, Wellington, Grant na Hitler; The Second World War mwaka wa 1989; na The First World War mwaka wa 1998, ambacho wengi hukiweka nafasi ya pili baada ya The Face of Battle. Mwaka huohuo wa 1998 alitoa mihadhara ya Reith ya shirika la BBC. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 2000.

Lakini gazeti hudai uamuzi leo, wakati historia huruhusu kungoja. Mwaka wa 1999, ndege za Nato zilipokuwa zikiishambulia Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo, Keegan alishikilia kwamba hakuna vita vilivyowahi kushindwa kwa ndege peke yake. Slobodan Milosevic alipokubali masharti mwezi Juni, Keegan aliandika bila kuzunguka kwamba alikuwa amekosea. Wachambuzi wa magazeti wanaofanya hivyo huhesabika kwa vidole.

Mambo mengine hayakumalizika kwa heshima hiyo. Mapema mwaka wa 2000 aliitwa kwa amri ya mahakama jijini London kutoa ushahidi katika kesi ya David Irving, mwandishi aliyemshtaki msomi Mmarekani Deborah Lipstadt kwa kumwita mkanushaji wa mauaji ya Wayahudi. Keegan alikuwa amewahi kuusifu utafiti wa Irving. Kortini alieleza kwamba dai la Irving kuwa Hitler hakujua habari za mauaji hayo halikubaliki kwa akili timamu. Irving alishindwa vibaya mwezi Aprili. Hata hivyo, makala aliyoandika Keegan baada ya hukumu bado ilikuwa na maneno ya kumstahi Irving kama mtafiti, na wengi waliona kwamba hapo mizani yake ilipotoka.

Aliunga mkono vita vya Marekani nchini Vietnam, na mwaka wa 2003 akaunga mkono uvamizi wa Iraq. Kitabu chake The Iraq War, kilichotoka mwaka wa 2004, kiliandikwa wakati ushindi ulionekana kuwa dhahiri, na matukio yakakipita haraka. Kile cha mwisho kuhusu vita vya Marekani, cha mwaka wa 2009, kilikosolewa na James McPherson, bingwa wa historia ya vita hivyo, kwa makosa mengi ya jiografia na ya matukio. Afya ya mwandishi ilikuwa imeshadhoofika.

Swali lililofika Kariakor

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kitabu cha Keegan kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia kina upungufu unaoonekana mara moja. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 na miaka minne ya kumsaka jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck yalipewa kurasa chache tu katika kitabu kinene kilichojaa habari za Ufaransa na Urusi. Na tofauti na sura ya Somme, humo hakuna anayeinama kuziangalia nyasi.

Nyasi zilikuwepo tele. Vita kati ya Taveta na mto Ruvuma, na hata ng'ambo yake, vilipiganwa mahali pasipo na barabara, ambapo mbung'o waliua kila mnyama wa mizigo. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Waingereza waliwakusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi kwa nguvu, katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Jina hilo likageuka midomoni mwa wenyeji, ndipo tukapata Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hesabu za serikali ya kikoloni zilikiri vifo zaidi ya 40,000 miongoni mwa wapagazi, vingi kutokana na kuhara, malaria, nimonia na chakula kibovu. Watafiti wa baadaye wameiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno.

Swali ambalo Keegan alilielekeza kwa askari wa Somme limeulizwa huku na wengine. Geoffrey Hodges aliwafuatilia wapagazi hao na kuandika habari zao katika kitabu cha mwaka wa 1986. Timothy Parsons alichunguza maisha ya askari wa kawaida wa KAR katika kitabu cha mwaka wa 1999. Edward Paice aliisimulia kampeni nzima mwaka wa 2007, na Michelle Moyd akawaandika askari Waafrika wa upande wa Wajerumani mwaka wa 2014. Ndani ya kurasa zao hupatikana mambo yaleyale aliyoyatafuta Keegan: mtu alikula nini, alibeba kilo ngapi, aliogopa nini, na alifia wapi.

Keegan alikitunuku kitabu chake cha 1998 kwa wanaume wa Kilmington, kijiji alichoishi, ambao hawakurudi kutoka vita vya 1914 hadi 1918. Kwa wapagazi wa Afrika Mashariki, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilisubiri hadi Aprili 2021 kutoa ripoti na kuomba radhi. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.